Hina ya Mbuzi wa Lubna

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Lubna ni mwendesha mashtaka! Wa Serikali! Si karani, si wa kuwashikia wenziwe mafaili. Yeye mwenyewe ndiye atakayesimama mbele ya hakimu aseme huyu kafanya hivi na hivi, na mtu akafungwa. Mwanangu! Wa tumbo hili hili!

Haya, sasa tusalimiane. Bismillahi. Daftari, tangu Ramadhani sijakufungua, usininunie, leo nimekuja na kubwa.

Alipiga simu nikikaanga mahamri. Shikamoo mama, akasema, nimepata. Nikamuuliza umepata nini, mume? Akacheka. Kazi, mama. Amepangiwa upande wa Kilifi, wezi wa Mtwapa na Junju wote watapita mikononi mwake. Karai zima likaungua. Nikayauza hivyo hivyo, nikiwaambia wateja haya ni mahamri ya furaha. Hakuna aliyerudisha.

Mimi darasa la saba sikulimaliza kwa sababu ya surua. Lakini kichwa cha Lubna ni changu. Cha babake ni pua tu. Nimemwambia Abdulkadir hivyo, akasema alhamdulillahi, akaendelea kutia mafuta cherehani ya watu. Ndiye mume wangu huyo. Ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza upande gani.

Jumatatu, 4 Agosti

Karamu ni Jumapili ya tarehe kumi na saba. Nimeshatangaza, haina kurudi nyuma. Lubna atakuja na wenziwe wa ofisini na mkubwa wake, mama mmoja ambaye hata mahakimu humwogopa. Watakula kwangu! Wataketi kwenye mikeka yangu!

Kaka yangu Faki wa Mambrui ameahidi mbuzi. Beberu mweupe, kasema, mweupe kama kanzu ya Idi. Atampakia kwenye pikapu ya rafiki yake inayoleta mboga Malindi kabla ya alfajiri, na dereva atamfunga langoni kwetu. Nikamuuliza lini. Akasema katikati ya wiki, inshallah. Faki na inshallah yake! Lakini ni kaka yangu, ana moyo, miguu ndiyo mizito.

Nimepita mtaa mzima na habari. Hata kwa yule jirani mgeni, Kasiva, Mkamba, aliyehamia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuja huku kwa kazi ya hoteli, hoteli ikafungwa, yeye akabaki na kufuga mbuzi nyuma ya nyumba. Mbuzi wenyewe sijawaona, ukuta wake ni mrefu, huwasikia tu wakigombana. Nikamweleza kazi ya Lubna kwa urefu. Akasema hongera sana Mama Lubna, Mungu ni mwema. Nikaona kafurahi kweli, nikamweleza tena.

Jumatano, 6 Agosti

Mbuzi kafika! Mara hii Faki kanishangaza.

Baba Lubna alifungua lango akienda kusali alfajiri, akamkuta beberu mweupe, mnene, ndevu mpaka kifuani, kasimama anakula mrihani wangu. Kamba shingoni imekatika. Yaani dereva alimfunga, naye akajifungua mwenyewe. Mbuzi mwenye akili! Nimempa jina papo hapo: Hakimu. Ukimtazama anavyotafuna na kukukodolea macho utadhani anangoja ujitetee.

Nimempigia Faki kumshukuru, hapokei. Kama kawaida. Nimemtumia ujumbe: Mbuzi nimempata, Mungu akujaze.

Kitu kimoja sikukipenda. Sikioni alikuwa na kiplastiki cha njano kina namba, kama cha mzigo wa ndege. Najua ni cha nini. Wale watu wa chanjo walipita mwezi uliopita wakiwatoboa mbuzi masikio kijiji kwa kijiji. Lakini mbuzi wa karamu ya Lubna, aingie mbele za watu wazima na plastiki? Nikachukua koleo la Abdulkadir, kat! Mahali pake nikamtia kipuli changu cha zamani, kile cha rangi ya dhahabu kilichopoteza mwenziwe. Kimemkaa! Kiplastiki nilitaka kukitupa, Abdulkadir akasema lete. Akakitia kwenye ufunguo wa pikipiki yake. Ati sasa hautampotea.

Halafu hina. Kwetu Mambrui mbuzi wa furaha hachinjwi mweupe mtupu kama maiti. Bibi yangu alimpaka hina mbuzi wa harusi ya mama yangu, na mama yangu alimpaka wa harusi yangu. Nimeikoroga kwa chai kavu na ndimu, sawa na ya bi harusi. Nikamchora maua ubavuni, nikampaka miguu minne mpaka magotini. Wallahi alipendeza mpaka nikamwita Abdulkadir aje aone. Akaja. Akaona. Akarudi.

Nilipogeuka kuchukua simu nimpige picha nimpelekee Lubna — Hakimu kajilaza. Na hina mbichi! Kajigaragaza upande huu, kajigaragaza upande ule, maua yote yakawa bahari moja. Ningefanyaje? Nikachukua iliyobaki nikampaka mwili mzima, rangi ikae sawa.

Alhamisi, 7 Agosti

Imeshika! Mwekundu pyu kutoka pembe hadi mkia. Mbuzi wa aina hii hayupo Malindi nzima. Watu wanasimama langoni kutazama.

Asubuhi nilimsikia Kasiva akipita mtaani akiita Peterson, Peterson. Sauti ya huzuni. Nikasema masikini, mume kamkimbia. Nikatoka na kikombe cha uji kumliwaza, nikamwambia wanaume wa siku hizi ndivyo walivyo, mwenziwe wa nyumba ya pili naye alikwenda kununua mkate hajarudi. Akanitazama. Akasema Peterson ni mbuzi. Beberu wake. Alimwita hivyo kwa ajili ya mwenye nyumba wake wa zamani, ndevu ni zile zile. Amekata kamba tangu juzi usiku, haonekani.

Nilicheka mpaka uji ukamwagika, kisha nikaona si vizuri, nikamwonea huruma. Nikamkaribisha ndani ya lango amwone wangu. Hakimu nilimfunga chini ya tangi la maji. Alipomwona Kasiva akaanza kulia na kuvuta kamba kama kapandwa na wazimu.

Kasiva akasema, "Huyu analia kama Peterson wangu."

Nikamwambia mbuzi wote kilio chao kimoja. Akasema ni kweli, na tena wake ni mweupe, sio mwekundu. Akamsifia kipuli. Nikampa mahamri matatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Lubna amepiga. Shikamoo, marahaba, umekula, nimekula. Kesi yake ya kwanza keshapewa! Fundi mmoja wa Mtwapa. Kachukua pikipiki isiyo yake, kakwangua namba ya injini kwa tupa, kaipaka rangi nyingine. Lubna asema kuna sheria yake kabisa: kufuta au kugeuza alama ya kutambulishia kitu. Kukwangua namba, kubadilisha chapa, kuchezea maandishi ya Serikali, yote hayo ni jinai, ni jela.

Nikamuuliza huyo fundi anajiteteaje. Akacheka, cheko lile lile la shangazi zake. "Anasema alipaka rangi kwa urembo tu, mama. Wote husema urembo."

Nikamwambia mfunge! Asikubabaishe! Urembo gani wa kukwangua namba za watu!

Jioni nimewaeleza wateja wote sheria hiyo. Muuza madafu aliniuliza je, akifuta namba kwenye gari lake mwenyewe? Nikamwambia jela. Na akibadilisha rangi ya mlango wa nyumba? Nikafikiri. Nikamwambia jela pia, kidogo.

Jumapili, 10 Agosti

Leo nimefanya wema. Kasiva alitoka kanisani macho mekundu. Peterson hajaonekana. Alikuwa amewekwa kwa ajili ya karo ya bintiye Trizah, anayesoma shule ya bweni, shule inafunguliwa mwisho wa mwezi. Alishakata tamaa. Nikamwambia haiwezekani! Una jirani mwenye mtoto mwendesha mashtaka na unakata tamaa? Nikajifunga buibui nikamshika mkono, moja kwa moja mpaka kituoni.

Tulimkuta Sajini Maina, kijana mtulivu, wa bara pia. Nilipomwambia Lubna ni nani alikaa wima. Akamuuliza Kasiva jina la aliyepotea. Peterson. Akauliza jina la baba. Tukaeleweshana.

Kisha akauliza alama. Kasiva akajibu bila kusita: mweupe wote, ndevu ndefu, sikio la kushoto kiplastiki cha njano, namba mia moja kumi na nane. Namba anaijua kwa moyo!

Hapo nikakumbuka kuwa wa Faki naye alikuwa na plastiki ya njano. Lakini si wote walichanjwa? Ningemtaja wa nini, kumchanganya sajini wa watu?

Sajini akasema mtu akiiba mbuzi kitu cha kwanza hung'oa hiyo plastiki, na hilo peke yake ni kosa. Nikamwambia naijua sheria hiyo, na muadhibu vikali. Akauliza kama kuna shahidi. Nikajitolea! Nikaandikisha taarifa kuwa mimi Shekha, mama yake Lubna, naujua mtaa huu, na hakuna mbuzi mweupe mwenye alama hiyo ndani yake. Na ni kweli, hayupo, nimetazama. Nikatia sahihi, nikaongeza na dole gumba, taarifa iwe nzito.

Wakati wa kuondoka nikamwalika sajini kwenye karamu. Akasema atakuja kwa furaha, awajue wakubwa wa Lubna.

Jumanne, 12 Agosti

Ya Rabbi.

Faki kapiga. Nikaanza kumshukuru, akanikatiza. Ati dada, nisamehe, ujumbe wako sikuuelewa, umempata mbuzi gani? Pikapu ya rafiki yangu iliharibika kule Ngomeni tangu wiki ile. Mbuzi wako yuko hapa, anakula, karibu tumlete.

Nikakata simu. Nikaketi juu ya gunia la unga. Hakimu kanitazama kutoka chini ya tangi, anatafuna, anangoja nijitetee.

Abdulkadir aliporudi kutoka msikitini nikamwambia lete ufunguo. Akaniuliza naenda wapi na kuendesha pikipiki sijui. Lete! Akaleta. Nikaigeuza ile plastiki.

118.

Siku zote hizi, daftari! Kaizungusha msikitini, sokoni, kwa muuza samaki. Jumapili iliyopita alikuja kutuchukua kituoni, akauweka ufunguo juu ya meza ya Sajini Maina huku akiamkiana naye! Plastiki juu! Ni rehema ya Mungu tu sajini alikuwa anatafuta kalamu.

Nimemweleza yote. Akasema, basi tunaye Peterson. Ndiyo, Abdulkadir. Tunaye Peterson.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemwosha mbuzi tangu asubuhi. Sabuni ya kipande, hapana. Sabuni ya unga, hapana. Nikasema hii inataka ndimu. Nikakamua ndimu ishirini, nikamsugua mpaka mikono ikawaka moto. Nikamwacha juani akauke.

Amezidi kuwa mwekundu! Sasa anang'aa! Na mimi ndiye ninayewatia mabi harusi ndimu kwenye hina ili ikolee — akili yangu ilikwenda wapi? Nimemkolezea!

Abdulkadir asema anyolewe. Nikamwambia mbuzi kipara mbele ya wakubwa wa Lubna, watu watadhani ana ugonjwa, na hawatakula. Akasema basi asichinjwe. Kana kwamba nilikuwa bado na mpango wa kumchinja Peterson, karo ya mtoto wa watu! Ila Faki hajaleta wa kwake. Kwa hiyo karamu haina mbuzi, na mbuzi niliye naye ni kesi.

Wazo moja limenijia, naliandika ili nilione lilivyo baya. Nimfungue usiku, aende zake. Akirudi kwao, alhamdulillahi. Lakini atarudi kwao mwekundu na kipuli changu sikioni.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimempigia Lubna. Nikazunguka kwanza. Nikamuuliza fundi wa Mtwapa anaendeleaje. Anaendelea. Nikamuuliza, hivi mwanangu, mtu akipaka kitu rangi, na hajui kuwa ni cha mtu mwingine, akidhani ni zawadi kapewa na, tuseme, kaka yake — naye afungwa?

Akasema mama swali zuri. Wallahi alisema hivyo, swali zuri! Nikasahau shida yangu kidogo kwa furaha.

Halafu akajibu taratibu, kama anayemfundisha mtoto: "Sheria haimuulizi tu alipaka rangi gani, mama. Inamuuliza alipokuwa anapaka alijua nini. Na alipojua, akafanya nini. Akijua si chake na bado akakificha, hapo hana tena pa kusimama."

Nikamuuliza, anapewa muda gani tangu ajue? Akacheka. Akaniuliza mbona maswali, wateja wako wameanza kuja kwa ushauri? Nikamwambia ndiyo, wengi, foleni.

Kisha akasema kitu. Akasema mkubwa wake amemwambia kuwa kazi hii mtu huijenga kwa jina lake, na jina hujengwa nyumbani. Kwa hiyo kafurahi sana kuja kwetu Jumapili, aone Lubna katoka wapi.

Katoka kwa mwizi wa mbuzi, mheshimiwa! Karibu, mkeka huu hapa!

Sikulala mchana wala sikuweza kula.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimejaribu. Mungu shahidi yangu, nimejaribu.

Nilikwenda kwa Kasiva baada ya sala. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanipotea mlangoni. Badala ya kusema mbuzi wako ninaye, nikasema chukua mbuzi wangu. Yule Hakimu. Mfanye wako, umuuze, Trizah arudi shule.

Nikaona macho yanajaa, nikadhani ni furaha. Kumbe.

Akasema, "Mama Lubna, mimi sio mtu wa kuomba. Ukinipa mbuzi yako leo, kesho mtaa utasema ule Mkamba anakula kwa Waswahili. Yangu iko na alama. Hiyo yako haina alama. Siwezi chukua mbuzi haina alama."

Nikamwambia lakini labda yaweza kuwa sawa sawa na wako. Akasema sawa sio yangu. Na sajini amemwambia asipokee mbuzi yeyote asiyeonyesha namba, asije akaonekana yeye ndiye mwizi.

Basi nimekwama! Alama niling'oa mimi, na bila alama hata kumrudisha siwezi. Nilitoka pale nimebeba sahani ya mahindi na maharage aliyonipa yeye. Yeye! Anipe mimi! Nimekula nikilia, na ni matamu.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo nimesema.

Asubuhi nilimwambia Abdulkadir nipe ufunguo. Akaitoa ile plastiki mwenyewe, akaifuta kwa kitambaa cha cherehani, akaniwekea mkononi. Akasema, "Twende wote, Shekha. Mimi ndiye niliyeivaa." Miaka yote hii ya ndoa, sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja.

Tukamfungua Hakimu tukaenda naye. Hatukufika. Tulipokuwa nyumba ya pili Kasiva alitokeza mlangoni kumwaga maji. Mbuzi akanyanyua kichwa. Akanivuta mimi na kamba na buibui, nikaenda mbio kama pilau ya harusi inaungua, mpaka akamfikia, akampandia na miguu miwili kifuani.

Kasiva akasema polepole, "Peterson?"

Nikampa plastiki. Akaisoma namba bila sauti, midomo ikitembea. Akakigeuza kipuli. Akaweka pua kwenye shingo ya mbuzi. Akauliza mbona ananuka harusi.

Nikamwambia yote. Faki, pikapu, mrihani, koleo, hina, kujigaragaza, ndimu. Nikamwambia tangu Jumanne najua. Hilo ndilo lililokuwa gumu kutoka. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ya Lubna. Nikasema kwa sababu ya Lubna, halafu nikajisikia nikisema, nikarekebisha. Kwa sababu yangu. Kwa sababu nimetembea mtaa mzima nikijisifu.

Abdulkadir kasimama kando yangu na ufunguo wake mtupu.

Kasiva hakupiga kelele. Ningependa apige. Alimpapasa mbuzi mgongoni, akatazama kiganja kama kimeshika rangi. Mara mabega yake yakaanza kutikisika. Nikajua ndio analia sasa. Alikuwa anacheka! Akacheka akakaa chini kizingitini, Peterson kampandia mapajani, mbuzi mzima yule! Akasema zamani yule Peterson wa nyumba za kupanga naye alikuwa akitia ndevu rangi.

Nikaanza kucheka na mimi. Hapo akaacha.

"Lakini taarifa iko kwa polisi," akasema. "Na shahidi wangu ni wewe. Uliandika kwa mkono wako kwamba hakuna."

Nikamwambia tutakwenda tuifute. Akatikisa kichwa. Ati yeye hafuti kitu. Kilichoandikwa uongo, aliyeandika akakiseme mwenyewe. Tena si kwa Sajini Maina kwanza. Kwa Lubna. Nimwambie mtoto wangu kwa mdomo wangu, yeye Kasiva akiwepo, kisha kama Lubna ataona kuna kesi, kuna. Kama ataona hakuna, yeye ameridhika na Peterson wake.

Nikamwambia basi amchukue mbuzi. Akafikiri. Akasema leo alale kwangu, pale pale chini ya tangi, asioshwe, asinyolewe, asivuliwe kipuli. Akawa anatafuta neno. Abdulkadir akamsaidia: kielelezo, kama cha mahakamani. Eeh, akasema, hicho. Akae kielelezo mpaka watu waje.

Mlangoni akaniita. Nikageuka. Akasema kipuli hicho, mambo yakiisha, nimwachie. Kinamkaa.

Sasa ni alasiri. Nimechambua mchele, nimekuna nazi, mikeka imepigwa vumbi. Faki amepiga, anaapa kuwa mbuzi yuko njiani kweli mara hii, mweupe, na ana plastiki ya njano sikioni, nisishtuke. Nimemwambia asiing'oe! Lubna ametuma ujumbe: mkubwa wake anakuja, na wenziwe wanne, na fundi wa Mtwapa amekiri, mama, niombee dua, karibu nishinde. Sijamjibu. Nimeandika hongera nikaifuta, nimeandika mwanangu nina neno, nikaifuta pia. Kufuta ndiyo kazi yangu sasa.

Haya si ya kusema kwenye simu. Nitamwambia uso kwa uso, langoni, kabla hajavua viatu. Nimeyarudia maneno mbele ya kioo cha kabati. Yote nimeyashika, ila la kwanza. Sijui nianze na mwanangu au nianze na mheshimiwa. Nikisema mwanangu itakuwa kama naomba anifiche. Nikisema mheshimiwa nitalia, na yeye atalia, na mkubwa wake kasimama hapo na zawadi mkononi.

Peterson kanitazama tangu nianze kuandika. Anatafuna.

Sajini Maina anakuja. Kasiva anakuja akitoka kanisani. Faki, inshallah. Lubna na wakubwa wake. Kesho, Jumapili, wote wanakuja.